Kule nilifunga, huku sifungi. Nikubali kupelekwa winga?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanasoka wa kulipwa, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, tangu nikiwa mtoto. Msimu uliopita niliongoza kwa mabao katika timu yangu, nikawa wa pili kwenye ligi nzima, na tukachukua ubingwa. Siku za mwisho za dirisha la usajili nikauzwa kwenda nchi nyingine, kwenye ligi ambayo kila mtu anasema ni kubwa kuliko ile niliyotoka. Nilisaini miaka minne. Nilipokelewa vizuri, nikapewa namba ya jezi niliyoitaka, na picha zangu zikasambazwa kwa maneno kwamba tatizo la mabao klabuni sasa limepata dawa.

Tangu nifike tumecheza mechi tisa za ligi. Nina bao moja, tena la penalti.

Mazoezini nafunga mpaka makipa wananitania. Ikija mechi, dakika ishirini zinakatika sijagusa mpira. Kule nilikotoka tulikuwa na winga wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto. Akipokea mpira tu, mimi tayari nimeshachomoka kuwahi mlingoti wa karibu, mbele ya beki, na krosi inafika kabla beki hajageuza shingo. Karibu nusu ya mabao yangu yalipatikana hivyo. Huku nachomoka vilevile, nafika, naangalia nyuma, namkuta winga ameingia ndani, ama amepiga shuti mwenyewe ama amerudisha mpira kwa kiungo. Nabaki nimesimama, beki ameniegemea mgongoni. Baada ya mechi nasoma kwamba sijitumi.

Mabeki wa huku nao ni wengine kabisa. Kule walikuwa wanapanda juu na kuacha uwanja mtupu nyuma yao. Huku timu nyingi zikija kwetu zinapaki basi, boksi linajaa miguu, nafasi ya kukimbilia haipo. Wananivuta jezi, wananikanyaga vidole, mwamuzi anaonyesha mikono kwamba tuendelee. Na kocha anataka tukabie juu. Mpira ukiwa kwa kipa wao, wa kwanza kumfuata ni mimi, kisha beki wa kati, kisha wa pembeni. Nafasi ya kufunga ikija, miguu imeshachoka.

Kinachoniogopesha zaidi kilitokea juzi. Nilibaki mimi na kipa, nikatoa pasi. Mimi, Shangazi, ambaye siku zote nimelaumiwa kwa uchoyo.

Sasa kocha ameniita. Ni mtu mzima na ananiheshimu. Anapendekeza mechi zijazo nianzie winga ya kushoto, kati acheze kijana aliyekulia kwenye klabu. Anasema si adhabu, nikafikirie nimpe jibu. Wakala wangu amewaka: anasema nikienda winga thamani yangu inashuka na jina la namba tisa linafutika. Ana klabu inayonitaka kwa mkopo dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, likifunguliwa, katika ligi iliyo chini kidogo ya hii. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, anasema nikatae winga, nikae benchi nisubiri nafasi yangu ya kati. Mke wangu bado anasubiri viza, yuko mbali na mtoto wetu. Tunaongea usiku, na anasema sauti yangu imebadilika. Suala la winga sijamwambia.

Lugha ya huku najifunza, lakini uwanjani wakipiga kelele sishiki upesi.

Niambie, Shangazi, je, ndiyo nimekwisha? Au ni kweli wanavyosema, kwamba mabao yangu yalikuwa ya ligi ile tu?

Straika Mwenye Ukame

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikagundua umeniuliza mambo mawili, nawe umeyafunga kamba moja. Lipo la uamuzi: winga, benchi au mkopo. Na lipo la hofu: kama umekwisha. Ukilijibu la kwanza kwa hofu ya la pili, lolote utakalochagua litakuuma. Niruhusu nianze na la hofu.

Mechi tisa bila bao la mpira wa kawaida zinaumiza, sikatai. Ila umenitajia mechi na mabao tu, hujaniambia umepiga mashuti mangapi. Wanaochambua soka kwa takwimu wanajua kwamba ukikusanya mashuti yote, ya karibu na ya mbali, linaloingia ni takriban moja kati ya kumi. Penalti ni jambo jingine, huingia zaidi ya tatu kati ya nne. Sasa chukulia umepiga mashuti kumi na manne ya kawaida tangu ufike. Mshambuliaji mwenye wastani huo wa moja kwa kumi ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 20 wa kupiga yote kumi na manne na kutoka mikono mitupu, bila kupungukiwa na chochote. Ni hesabu ya bahati tu, na bahati haisomi magazeti.

Kwa hiyo kabla hujajihukumu, nenda kwa wachambuzi wa klabu yako uwaombe takwimu zako za msimu uliopita na za msimu huu: mashuti kwa kila mechi, yalipigiwa wapi, na ile hesabu ya mabao yanayotarajiwa, yaani kila shuti lilikuwa na uwezekano gani wa kuingia. Kama mashuti ni yale yale na mahali ni pale pale, huo ni ukame wa kupita. Kama yamepungua nusu, basi tatizo linaanza kabla mpira haujakufikia, na hilo halitibiwi kwa kufanya mazoezi ya kupiga shuti mpaka giza linaingia.

Kwa ulivyoandika, nahisi ni hili la pili. Tazama umetumia maneno mengi kiasi gani kunieleza mbio zile za mlingoti wa karibu. Mimi si kocha, na beki pekee ninayemjua anakaa nyumbani kwangu anakaba rimoti, lakini hata mimi naona kwamba mbio zile zilikuwa kazi ya watu wawili. Wewe ulichomoka kwa sababu ulijua mpira unakuja, na yeye alipiga bila kuangalia kwa sababu alijua umeshachomoka. Umehama na nusu ya bao, nusu nyingine imebaki kwenye mguu wa kushoto wa mwenzako.

Usilipokee hilo kama tusi. Wanaokwambia mabao yako yalikuwa ya ligi ile wamekosea anwani: mengi yalikuwa ya winga yule. Na winga wa huku, tofauti na ligi, ni mtu mnayekutana naye kila asubuhi mazoezini. Umewahi kumwambia unachotaka? Umewahi kumuuliza yeye anataka uwe wapi anapoingia ndani? Winga anayekata ndani kwa mguu wa kinyume, wa kulia akiwa kushoto au wa kushoto akiwa kulia, akiamua kupiga krosi, mpira wake mara nyingi huenda ukipinda kuelekea goli, upande wa mlingoti wa mbali. Mtu aliyekwisha kuwahi mlingoti wa karibu hana kazi hapo. Anayefaidi ni yule aliyechelewa kidogo, akajificha kisogoni mwa beki wa mbali, kisha akaingia beki akiwa bado anautazama mpira. Na winga akipiga shuti, kipa akitema, nani yuko karibu? Haya si mageni kwako, ila mwili wako umezoea kuchomoka kwa ishara ambayo huku haitolewi. Omba mkae wawili na video ya mechi moja tu, bila kocha, msimamishe picha kila anapopokea mpira.

Hili la mabeki kujaa nyuma halikukuta wewe peke yako. Timo Werner aliifungia RB Leipzig mabao 28 ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, msimu wa 2019/20. Akaenda Chelsea, na msimu wake wa kwanza akafunga 6 ya ligi. Leipzig alikuwa akipata uwanja wa kukimbilia. England timu nyingi zilikaa nyuma mbele ya Chelsea, na mbio zake zikakosa pa kwenda. Lakini msimu huohuo alikuwa uwanjani Chelsea ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata akarudi Leipzig. Sasa huyo alifeli au alifaulu? Mimi nimeshindwa kuamua, na nakupa mfano wake makusudi kwa sababu haukukamilika vizuri upande wowote.

Upo na mfano wa Rasmus Højlund, ambao ningependa uufikirie usiku ukikosa usingizi. Alipofika Manchester United mwaka 2023, kwenye ligi alikaa bila bao mpaka tarehe 26 Desemba, siku walipocheza na Aston Villa. Kipindi hicho hicho alikuwa ameshafunga mabao matano kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mtu yule yule, wenzake wale wale. Ungemuuliza mwezi wa Novemba kama amekwisha, jibu lingetegemea ni siku gani ya wiki, ya Ligi ya Mabingwa au ya ligi ya nyumbani.

Kitu kingine umekitaja kwa kupita, na mimi nakiona kikubwa. Umesajiliwa siku za mwisho za dirisha. Maana yake wenzako walikaa kambini wiki kadhaa wakifundishwa nani anaanza kukaba, nani anafuata, nani anabaki. Wewe kambi yako imekuwa hizi mechi tisa, mbele ya mashabiki. Inawezekana hata uchovu wa miguu unatokana na hapo. Unamfuata kipa, beki wa kati, kisha wa pembeni: je, kocha ndivyo alivyokuagiza, au unakimbia watu watatu kwa sababu hujui ni wakati gani wa kumwachia mwenzako? Muulize, swali hilo halina aibu. Na zile kelele za uwanjani si nyingi. Mwombe kipa wenu akufundishe hizo kwanza, sarufi itafuata.

Nije kwenye ile pasi. Hapo ndipo niliposimama kusoma. Ulipobaki na kipa, je, mwenzako alikuwa wazi kuliko wewe? Kama alikuwa wazi, ulifanya uamuzi wa mchezaji mzuri ukauhesabu kuwa ugonjwa. Kama hakuwa wazi, ukapiga pasi ili kosa liwe la mtu mwingine, basi woga umeshashuka miguuni, na huo una watu wake wa kuushughulikia. Klabu za kulipwa nyingi zina mwanasaikolojia au daktari anayejua pa kukuelekeza. Mwone kabla hujampa kocha jibu lolote. Unaonekana pia unasoma maoni ya watu baada ya mechi. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima, lakini jiulize kama umewahi kusoma hata moja likakufundisha namna ya kumkimbia beki.

Sasa uamuzi wenyewe.

Wakala anasema winga inafuta jina la namba tisa. Robert Lewandowski alipofika Borussia Dortmund mwaka 2010, namba tisa ilikuwa ya Lucas Barrios, na mara nyingi yeye alichezeshwa nyuma yake au akitokea benchi. Alimaliza msimu huo na mabao 8 ya ligi. Uliofuata akafunga 22, na sidhani kama kuna aliyemsahau kuwa ni namba tisa. Kwa hiyo kauli ya wakala si sheria. Ila ana hoja ambayo sitaki uidharau: wapo waliosogezwa pembeni kwa mechi mbili wakasahaulika huko. Kijana akifunga, kocha gani atamtoa? Winga nayo ina jasho lake, utarudi na beki wa pembeni mpaka kwenye boksi lenu, na ile miguu unayolalamikia itachoka zaidi.

Upande wa pili, hebu niambie, wewe ni wa mguu gani? Kama ni wa kulia, kocha anataka kukugeuza uwe winga yule yule anayekukera! Cheka kidogo, kisha ufikirie. Ukiwa kushoto utapokea mpira ukiwa umelitazama goli, badala ya kuwa na beki mgongoni. Utaugusa mara nyingi zaidi. Na mashambulizi yakipita kulia, wewe ndiye utakayekuwa unaingia mlingoti wa mbali ambako mabeki wa kati hawakuoni. Utajifunza pia yule winga anaona nini anapokata ndani, na kwa nini hakupi. Kama utaelekea huko, kuna mambo ya kumuuliza kocha uso kwa uso: ni kwa mechi ngapi, mazoezini utaendelea na kundi la washambuliaji wa kati au la, na atapima kazi yako kwa kitu gani. Akijibu wazi, umejua ulipo. Akizungukazunguka, umejua pia.

Kaka yako amekulea, na neno la aliyekulea lina uzito wake. Namwelewa: anaogopa wasikupokonye kiti chako. Lakini benchi la subira lina faida kwa anayepata dakika ishirini za mwisho kila wiki, mabeki wakiwa wamechoka. Anayekaa benchi mechi nzima anapoteza kasi ya mchezo, na akiitwa anataka kumaliza kila kitu kwa mguso mmoja. Anayependekeza benchi afikirie pia ni benchi la aina gani. Subira ya kaka, hata hivyo, naona ina ukweli kuhusu muda. Edin Džeko msimu wake wa kwanza Roma, 2015/16, alifunga 8 ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akazomewa sana. Uliofuata, jezi ile ile, akafunga 29 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Kocha alikuwa amebadilika katikati ya msimu ule mgumu, kwa hiyo tusiseme alivumilia tu mambo yakajiponya. Lakini Mateja Kežman, aliyekuwa akifunga zaidi ya 30 kwa msimu Uholanzi, alipata mabao manne ya ligi Chelsea mwaka 2004/05 akauzwa, wala hakurudi tena kwenye idadi ile. Nisingekutajia walionusurika peke yao, ningekuwa nakudanganya.

Mkopo nao. Kabla ya yote, kumbuka msimu huu ulipoanza ulikuwa bado klabu yako ya zamani. Uliichezea mechi yoyote rasmi kabla ya kuuzwa? Kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini kucheza mechi rasmi kwa mbili tu, isipokuwa pale ambapo misimu ya ligi husika inapishana. Kama uliicheza hata moja kule, na hapa umecheza tisa, hiyo klabu ya mkopo inaweza kukuchukua na isiweze kukupanga. Wakala wako anapaswa kuwa ameshaliangalia hili. Mwambie akuonyeshe kwa maandishi.

Na dirisha dogo halina kambi, yaani utarudia lile lile lililokukuta. Mbwana Samatta alitoka Genk akiwa bingwa wa Ubelgiji, na msimu wa ubingwa ule alikuwa amefunga 23 ya ligi. Aston Villa wakamchukua Januari 2020, baada ya mshambuliaji wao Wesley kuumia goti, timu ikiwa inapigania kutoshuka daraja. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga. Akafunga na kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kisha mwezi Machi ligi ikasimama kwa sababu ya korona, na alipoondoka alikuwa na bao lile moja katika mechi 14 za ligi. Nani angefanya makubwa kwa muda ule, katika timu ile? Lakini kuhama si kushindwa pia. Michael Olunga alipata nafasi chache Girona ya Hispania, ingawa Januari 2018 aliwapiga Las Palmas hat-trick. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi ile kwa mabao 28, na mchezaji bora pia. Wapo wanaokuta ligi inayowafaa mara ya tatu.

Kuhusu mkeo, sioni sababu ya kumficha habari za winga. Ameshasikia sauti, amekosa maelezo tu, na aliyekosa maelezo huwaza mabaya zaidi. Mweleze, yeye si wakala, hahesabu thamani yako sokoni. Na viza hiyo isiachwe ijiendee yenyewe. Ulizia ni nani klabuni anayeshughulikia familia za wachezaji, jua jina lake, mfuatilie. Mtu anayerudi kwenye nyumba tupu kila jioni anacheza mechi ile ile kichwani mpaka asubuhi.

Hiyo klabu ya mkopo, kama kanuni zitaruhusu, usiihukumu kwa ukubwa wa ligi yake wala kwa ahadi za dakika. Tafuta mechi zao mbili au tatu uzitazame nzima, si vipande vya mabao. Angalia winga wao wa kushoto anatumia mguu gani, na akipokea mpira anafanya nini kwanza. Ukimwona naye anaingia ndani kila mara, unahama kwenda kukutana na kazi ile ile uliyoikimbia, safari hii bila kambi na bila kocha aliyekuita akakuuliza. Ukimwona anaipiga mapema, basi ofa hiyo ina thamani ambayo hata wakala wako hajaijua, na utakuwa na jambo la maana la kujadiliana naye kabla hujarudi kwa kocha na jibu.